Mgeni Aje, Mwenyeji Afukuzwe?

Ndugu wananchi, wazee wetu walituachia methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyika za kaskazini ya Tanzania methali hii imegeuzwa juu chini. Mgeni aja kwa ndege kutazama nyumbu na simba. Mwenyeji, ambaye malisho yake ndiyo yaliyowanenepesha nyumbu hao, aambiwa afunge mizigo. Sisi twasema hapana, na twataka kila mwanachama ajue kwa nini.

Tuanze na historia. Serengeti ilifanywa hifadhi mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini kuiacha, na mwaka 1959 likawekwa eneo la Ngorongoro, ili watu, ng'ombe na wanyama wa porini wakae humo pamoja. Gavana Turnbull mwenyewe aliliambia baraza la Wamasai mwaka ule kwamba faida ya wanyama ikigongana na faida ya watu, ya watu itatangulia. Mkoloni alikwenda zake. Ahadi je? Juni 2022, huko Loliondo, vigingi vilisimikwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za malisho; askari na wenyeji wakapambana, damu ikamwagika. Mwezi ule ule jamaa za Ngorongoro zikaanza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Leo twalazimika kumkumbusha Mwafrika mwenzetu ahadi ya gavana wa Kiingereza. Aibu iliyoje!

Watetezi wa vigingi husema: ng'ombe wamaliza majani. Twawauliza: majani hayo yalitunzwa na nani kabla ya Bwana Nyama kuja na bunduki yake? Mfugaji alichoma majani makavu ili machanga yaote na kupe wafe. Alihama na mvua ili ardhi ipumzike. Wataalamu waliochimba maboma ya kale huko Narok, Kenya, walionyesha mwaka 2018 kwamba samadi ya wafugaji walioishi pale zaidi ya miaka 1,500 iliyopita hadi leo yarutubisha udongo, na wanyama wa porini huyafuata majani yake. Nyika si shamba lililoota peke yake. Ina mkulima wake, naye hakutumia jembe, alitumia ng'ombe.

Tena, sotoka ilipoingia miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyumbu bila kubagua. Nyumbu wa Serengeti walipata nafuu lini? Baada ya ng'ombe wa wafugaji kuchanjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kabla ya mwaka 1980 walipita milioni moja. Ng'ombe aliyechanjwa ndiye aliyemkinga nyumbu. Leo aitwa adui!

Na deni lingine halijaandikwa katika daftari lolote. Kila mwaka nyumbu wazaapo katika nyika ya majani mafupi, mfugaji huondoa ng'ombe wake upesi, kwa kuwa ndama wa nyumbu hueneza maradhi yanayoua ng'ombe na hayana tiba. Majani yakiwa matamu kuliko wakati wowote, huyaacha. Hiyo ni kodi, ndugu zangu. Mfugaji ailipa kila mwaka, wala hapewi stakabadhi.

Hatuuchukii utalii. Mwaka 2023 uliiletea Tanzania zaidi ya dola bilioni 3, na fedha hizo ni za taifa zima. Hatukatai pia kwamba watu wameongezeka na malisho yamebana. Lakini kinachoua nyika upesi ni jembe la trekta na ua wa seng'enge. Na kwa nini mfugaji aikodishe nyika yake ilimwe? Kwa sababu mahindi yampa chakula, na pundamilia hampi kitu. Hesabu hii mtoto wa darasa la tatu aiweza. Wakubwa wa ofisini yawashinda.

Dawa yake si ya kubuni. Tazameni Simanjiro, kusini ya Arusha. Wakati wa mvua nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka hifadhini, huenda kuzaa katika nyika ya vijiji. Mwaka 2005 makampuni ya utalii yalipatana na kijiji cha Terrat: makampuni yatalipa fedha kila mwaka, kijiji kitaizuia nyika ile isilimwe wala isijengwe, na ng'ombe watachunga kama zamani. Vijana wa kijiji wakapewa kazi ya kulinda. Hakuna aliyefukuzwa. Nyumbu alipata pa kuzalia, na mwenyeji akabaki na ardhi yake.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, malisho ya kijiji yasitwaliwe kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakaa na kusema ndiyo kwa hiari yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliupa mkutano huo heshima, na iheshimiwe. Pili, kijiji kinachowalisha wanyama kilipwe kwa mkataba, kila mwaka, si kwa fadhili ya mtu. Tatu, hesabu isomwe hadharani.

Hili la tatu latuhusu sisi wenyewe. Wako viongozi wa vijiji, hata wenye kadi za chama, wanaopokea fedha za kambi za watalii na kuzimeza kabla hazijafika penye kisima au zahanati. Mtu wa namna hiyo hana tofauti na mpiga vigingi. Wanachama, nendeni mikutanoni, ombeni daftari, lisomwe kwa sauti mpaka bibi aliyekaa nyuma asikie.

Nyika ina wenyewe. Mgeni tutamkaribisha, tena kwa furaha. Lakini mwenyeji apone!