MAJI YATAKA DAFTARI

Ndugu Wanachama,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza khabari za bei, magunia na majamvi ya kuanikia. Mara hii tutazungumza khabari ya maji, maana khitilafu baina ya majirani juu ya visima na chemchemi zaweza kutuvunjia umoja wetu kabla ya jambo jingine lolote.

Wengi hudhani kuwa kisiwa chenye mvua kama Pemba hakiwezi kupata dhiki ya maji. Dhana hii si sawa. Sisi hatuna mto mkubwa utokao nchi za mbali. Maji yetu ni mvua ya masika na vuli, na akiba yake ni ile iliyozama ardhini. Karibu na pwani maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wana hesabu yao: palipo na futi 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwapo kiasi cha futi 40. Basi tukiyavuta hata yakashuka futi 1, mwisho wake chumvi hupanda kiasi cha futi 40. Na kisima kikishaingia chumvi, kukirejesha ni kazi ya miaka.

Tuwatazame jirani zetu wa Unguja. Mwaka 2001 mtaalamu Stefan Gössling alichapisha uchunguzi wake wa pwani ya mashariki, akaonyesha kuwa mgeni mmoja alitumia kwa wastani lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Hatusemi wageni wasije, kwani riziki za watu zimo humo. Tusemalo ni kuwa avutaye kwa pampu na achotaye kwa ndoo wanywa katika chungu kimoja, na yawapasa wakae baraza moja.

Kwetu, mikarafuu iko juu ya vilima na mpunga uko mabondeni. Mvua huzama katika mashamba yetu, kisha hutokea chini kuwa chemchemi ya jirani. Mwenye kukata miti ovyo juu ya chemchemi huyafanya maji yapite mbio na udongo badala ya kuzama. Atajibu: “Shamba ni langu.” Kweli, mikarafuu ina mwenyewe, lakini maji hayajui mpaka. Na dini yetu imetufunza tangu zamani kuwa watu ni washirika katika maji.

Wengine husema kuwa maji ni kazi ya Serikali. Hilo nalo ni kweli. Sheria ya Maji ya mwaka 2006 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Maji ya Zanzibar, na kwa kuwa maji si jambo la Muungano, mambo yake hukatwa hapa hapa Visiwani. Lakini Mamlaka haiwezi kuweka mlinzi penye kila chemchemi. Wanaoiona kila siku ni wale waichotao.

Huko Oman, walikotoka baadhi ya wazee wetu, iko mifereji ya kale iitwayo aflaj, na kiasi cha 3,000 yangali yakitumika. Kila mfereji una wakili wake na daftari lake. Watu huchota ya kunywa kwanza, kisha ndiyo mashamba hupata zamu zao, zilizokuwa zikipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Baadhi ya zamu hukodishwa kwa mnada, na fedha zake hutengeneza mfereji. Mwaka 2006 mitano kati yao iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Basi twaleta shauri hili. Kwanza, kila tawi, pamoja na Sheha, lichague kamati kwa kila chemchemi na kisima cha shirika, na wanawake wawemo, maana wao ndio wachotao zaidi. Pili, kila mwezi kina cha kisima kipimwe kwa kamba na kiandikwe. Tatu, miti iliyo juu ya chemchemi isikatwe. Nne, kipimo kikishuka mpaka pale palipokubaliwa, pampu zipumzike mpaka mvua inyeshe.

Twajua kuwa shauri la nne litawagusa wanachama wetu wenye mboga za kaskazi, nao wana haki ya kusema. Waje waseme mkutanoni, mbele ya wale ambao visima vyao hukauka, na kipimo kikubaliwe na wote. Hapo hapana atakayesema ameonewa.

Wazee wamesema: mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Karafuu tunazipima kila gunia. Na maji tuyapime.

Katibu wenu