MTUNZA MALEBA NAYE APEWE KITI

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nami naongeza: hata iliyo yako haikusitiri ikifika jukwaani imeloa, imekunjamana na haina vifungo. Ndiyo maana nasema, wanadrama wetu wakisafiri, mtunza maleba asiachwe nyuma.

Tamasha la Drama la Shule na Vyuo lilianza mwaka wa 1959. Michezo hupanda ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Mchezo unaoshinda husafiri na nguo zile zile kote huko. Kutoka hapa Maua hadi mjini Meru ni kama kilomita 50, na ngazi ya kanda yaweza kutupeleka Embu au Machakos. Nanyi mnajua huo ni wakati wa masika! Ukungu ukishuka hapa Nyambene hata soksi hazikauki upesi, sembuse joho la mfalme.

Hebu tazameni kazi yenyewe. Sketi za mkonge hufumuka zikishindiliwa guniani. Ngozi ya mbuzi ikiloa hunuka. Kitenge kipya huchuja rangi na kuharibu kanzu nyeupe. Mzee wa Njuri Ncheke akipanda jukwaani bila usinga na fimbo, watu wataona mvulana wa shule tu. Na ngozi ya mbega usiiguse: sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwa nayo bila kibali. Lazima mtu aketi, ashone nyuzi nyeusi na nyeupe mpaka zifanane nayo.

Wengine watasema, "Si kila mwigizaji abebe nguo zake?" Jamani! Mwigizaji ana maneno tele kichwani. Akibadilisha nguo gizani nyuma ya pazia, na muda unahesabiwa, nani atamfunga kamba? Nani atashika sindano? Huko Ulaya, makundi ya opera, yaani mchezo unaoimbwa, yakizuru miji humlipa mtu mshahara kwa kazi hii hii: kuandika kila vazi daftarini, kufua, kupiga pasi na kushona. Kwetu sisi eti ni kazi ya kumtuma "mono" yeyote!

Katika shule nyingi pesa zikipungua, jina la kwanza kukatwa kwenye orodha ya safari ni la mtunza maleba. Vyeti vikija, hamna chake.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, apewe kiti katika basi. Pili, apewe sanduku la bati lenye kufuli, pamoja na daftari la maleba. Tatu, jina lake lisomwe gwarideni pamoja na ya waigizaji.

Mcheza kwao hutunzwa. Basi aliyemvisha mchezaji naye atunzwe!