Usipandishwe Chumba, Chagua Chumba

Kuna imani iliyokita vichwani mwa wasafiri wetu, kuanzia ofisa anayekwenda Mtwara kwa semina hadi maharusi wanaotafuta pa kulia fungate pwani ya kusini. Wanaamini kwamba vyumba vya hoteli vimepangwa kama ngazi: chini kuna chumba cha kawaida, katikati delaksi, juu kabisa switi, na kila ukipanda ndivyo unavyolala vizuri zaidi. Bahati kuu basi ni kufika mapokezi ukaambiwa, "Bosi, tumekupandisha chumba, hakuna nyongeza." Mgeni hushukuru, hupokea ufunguo na kumfuata mbeba mizigo bila kuuliza neno. Naipinga imani hiyo. Katika hoteli iliyojengwa tangu msingi iwe hoteli, hasara yake ni ndogo. Katika jengo la kale lililogeuzwa hoteli ya kifahari ni uongo, unaoanza kwa kumnyima mgeni usingizi na kuishia kuliharibu jengo lenyewe.

Tuanzie Mikindani, mji mkongwe ulio kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Juu ya kilima kinachotazama ghuba kuna boma jeupe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Baadaye Waingereza walilitumia kwa utawala wao, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mradi wa karanga wa Nachingwea, walipohitaji bandari yenye kina na shughuli zikahamia Mtwara. Mikindani ikapoa, boma likabaki na polisi, kisha likaanza kuchakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilianza kulikarabati likawa hoteli, The Old Boma, na vijana wa hapohapo wakafundishwa kazi za hoteli.

Waliochora ramani ya jengo hilo walitaka mahali pa kutawalia na kujilinda, si mahali pa kuuza usiku. Hakuna aliyekaa chini akaamua chumba hiki kiwe cha mteja wa kawaida na kile cha mteja mkubwa. Vyumba vikatoka tofauti kwa sababu za ujenzi na za utawala: unene wa ukuta, upande wa upepo, mahali pa ngazi, mahali pa mnara. Karne nzima baadaye anakuja mtu na orodha ya bei, anabandika majina ya madaraja juu ya milango, na sisi tunayasoma kana kwamba yamechongwa na fundi wa kwanza.

Kigezo cha kwanza kinachotudanganya ni ukubwa. Mgeni akifungua mlango akaona chumba chembamba, moyo unamwanguka: nimewekwa chumba cha wanyonge. Hajui kwamba katika ujenzi wa asili wa pwani yetu upana wa chumba uliamuliwa na mkoko. Dari ililazwa juu ya boriti, na boriti ya mkoko haivuki nafasi pana. Mara nyingi chumba kiliishia karibu mita 3 au pungufu, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Nenda Kilwa Kisiwani uone Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14. Mfalme yule alikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane na utajiri wa dhahabu iliyopita bandarini mwake, lakini vyumba vingi vya kasri lake ni virefu na vyembamba. Je, naye alikosa kupandishwa chumba? Wembamba ule ulikuwa kipimo cha fundi, na ndani yake kulikuwa na kivuli, ukimya na ubaridi ambavyo ukumbi mpana wa zege hauvipati bila mashine.

Kigezo cha pili ni mandhari. Tumezoeshwa kwamba chumba cha ghorofani kinachotazama bahari ndicho kilele, na chumba cha chini kinachotazama ua ni adhabu. Lakini macho hutazama bahari kwa nusu saa ya jioni, na mwili hulala kwa saa 8. Mwili unauliza mambo mengine. Ukuta upi ulipigwa na jua kuanzia saa 8 mchana hadi magharibi? Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe hupokea joto polepole na kulirudisha polepole, kwa hiyo ukuta uliochomwa jioni utakupumulia joto hadi usiku wa manane. Juu ya dari kuna nini? Kama ni bati tupu, chumba hicho cha ghorofani chenye bei ya juu kitakuwa tanuri wakati mgeni wa chini, aliyedhani ameonewa, amejifunika shuka.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo ngazi nzima inapoanguka. Pwani ya kusini huishi kwa pepo mbili. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Novemba hadi Machi, majira ya joto kali na unyevu. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mwezi Oktoba na tena mwezi Februari, na katikati ya mwaka huegemea upande wa kaskazini. Chumba kilichofungua madirisha kwa kusi ni neema mwezi Julai; mwezi Januari huenda hewa yake isitikisike. Chumba cha upande wa pili kina kisa kilekile kikipinduliwa. Sasa niambie, bei isiyobadilika kutoka Januari hadi Desemba inawezaje kusema kipi ni bora? Kila mvuvi wa Msimbati anajua kwamba pepo zikigeuka, pwani hubadilika. Meneja wa hoteli anayeuza "daraja la juu" mwaka mzima anajifanya halijui jambo hilo, na sisi tunamlipa kwa kujifanya kwake.

Kigezo cha tatu, kiyoyozi, ndicho hatari kuliko vyote. Kwa Watanzania wengi leo chumba bora ni chumba chenye kiyoyozi, televisheni kubwa na friji ndogo. Naelewa chanzo chake: tumetoka kwenye gesti za vyumba vilivyozibwa, bati kavu na feni inayolalamika, ambako bila mashine hakulaliki. Lakini kipimo cha gesti tumekihamishia kwenye nyumba za mawe ambazo zilijengwa zijipoze zenyewe kwa kuta nene, dari za juu, madirisha yanayotazamana na luva za mbao. Mteja anaponung'unika, mwenye hoteli husikia. Luva hung'olewa na kuwekwa kioo kisichofunguka ili ubaridi usitoke. Tundu la juu la kutolea hewa huzibwa, na dari ya boriti hufunikwa kwa jipsamu. Umeme ukikatika usiku, mgeni wa chumba "kilichopandishwa" huwa wa kwanza kutoka nje kutafuta hewa.

Kisha inakuja saruji. Mgeni anataka ukuta ulionyooka na kung'aa, kwa hiyo fundi hukwangua lipu ya chokaa na kupaka ya saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuacha unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu mpya, rangi huvimba, lipu hudondoka na mawe huanza kulegea. Jambo hili si siri ya wataalamu wachache: Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijifunza somo hilo, na Shirika la Aga Khan lilipolikarabati jengo la Zahanati ya Kale miaka ya 1990 lilirudi kwenye chokaa na ufundi wa asili. Huku kwetu kusini kosa likifanyika halirekebishiki kwa urahisi, kwani mikoko ni misitu ya hifadhi, na matumbawe ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Hakuna atakayekwenda kukata boriti mpya na kuchoma chokaa ya matumbawe kila hoteli inapotaka kuongeza daraja. Ukuta wa zamani uliobaki Mikindani ndio akiba yenyewe.

Nitajibiwa kwamba mgeni analipa fedha nyingi, ana haki ya raha, na hakuja kulala makumbusho. Nakubali kila neno. Mwenye shinikizo la damu au mtoto mchanga ana haki ya chumba baridi, na mzee mwenye magoti mabovu asipandishwe ngazi za mawe eti kwa heshima. Lakini mfano huo wa mzee unaniunga mkono mimi. Kwake chumba cha chini, kilicho karibu na ua, ndicho cha kifalme. Switi ya juu ya mnara ni mateso yenye riboni. Hivyo raha hutegemea mtu, chumba na msimu, na hakuna orodha ya bei inayoyajua yote matatu.

Nitaambiwa pia kwamba kumpandisha mgeni chumba ni ukarimu, na ukarimu ni jadi yetu. Jadi yetu naijua. Mwenyeji wa pwani anayempokea mgeni humuuliza amelalaje safarini, ana joto au baridi, anasali alfajiri au anaamka mchana, kisha humpa chumba kinachomfaa, hata kama ni chake mwenyewe. Kumkabidhi mtu ufunguo wa chumba cha gharama bila kumuuliza hata swali moja ni njia ya hoteli kujaza chumba kisichonunuliwa na kuvuna shukrani kwa kazi ambayo haikuifanya. Wahenga walitufunza kwamba nyumba njema si mlango. Tumewasikia kwa nyumba, tukawasahau kwa vyumba.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, ukiingia The Old Boma au nyumba yoyote ya kale kuanzia Mikindani hadi Lamu, usiulize una haki ya daraja gani. Omba kuoneshwa vyumba viwili au vitatu kabla hujaweka saini. Hoteli yenye heshima haitakunyima. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi saa 11 jioni. Fungua madirisha yote, simama katikati, usikilize kama hewa inapita. Tazama juu uone boriti au jipsamu. Nusa pembe za chini kama kuna ukungu. Muulize mhudumu msimu huu upepo unaingia upande gani, na yeye mwenyewe angelala chumba kipi. Jibu la swali hilo la mwisho lina thamani kuliko nyota zote zilizobandikwa mapokezini.

Nanyi wenye hoteli, acheni kuuza ngazi isiyokuwepo. Kila chumba kipeni jina lake, na karatasi yake ieleze ukweli: hiki kina upepo wa kusi, hiki kina ubaridi mchana na giza asubuhi, hiki kina roshani na joto la jioni. Pale Zanzibar hoteli za Emerson zimeonyesha miaka mingi kwamba vyumba visivyofanana huuzika, na wageni hurudi wakikitaja chumba kwa jina lake. Wafundisheni vijana wa mapokezi kusoma ukuta na upepo kama walivyofundishwa kutandika kitanda. Mgeni akiletewa chumba kinachomfaa atalala na atarudi, na mwenye jengo hatakuwa na sababu ya kumwita fundi aje kukwangua chokaa. Anayeendelea kudai apandishwe ajue kwamba gharama ya kupanda kwake hailipi yeye. Inalipwa na ukuta uliosimama pale tangu 1895, na siku ukuta huo utakapokwisha, Mikindani haitakuwa na chumba cha daraja lolote cha kumpa.