"Si Sisi, Tuliamriwa"

Liko neno moja litumikalo sana vijijini mwetu, nalo lastahili kukemewa kuliko ulevi: "Si mimi, nimeamriwa." Karani hulisema, askari hulisema, mzee wa baraza hulisema, na sisi walimu twalisema vilevile, tena kwa ufasaha. Adamu alimsingizia mkewe, naye Pilato akaagiza maji ya kunawa.

Mwenzetu mmoja alipotusikia tukimtaja Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, alitukaripia: Mkristo ana shughuli gani na mtu aliyemkana Mungu? Ni kweli, alimkana, na katika hilo hatumfuati hata hatua moja. Walakini katika hotuba yake ya mwaka 1945 mjini Paris alifundisha ya kwamba mtu hawezi kumtwika mwingine daraka la matendo yake; hata asiyechagua neno amekwisha kuchagua. Twaona haya ya kwamba asiyekiri hukumu ya Mungu alijiona ni mwenye kuulizwa, na sisi tuikirio kila Jumapili twatafuta mlango wa nyuma.

Nchi yake ilikuwa imetoka kukaliwa na Wajerumani, walioiingia mwaka 1940. Mwezi wa Julai 1942 Wayahudi wapatao 13,000 walikamatwa mjini Paris kwa siku mbili, na zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa watoto. Waliowakamata hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari wa polisi Wafaransa, wenye majina mkononi. Kila askari aliamriwa. Aliyeyaandika majina aliamriwa. Hata dereva wa basi la kuwachukulia aliamriwa. Wengi wa watu wale walipelekwa Auschwitz, wasirudi.

Mwezi uliofuata askari walifika Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha Waprotestanti huko milimani, wakamtaka mchungaji André Trocmé awape majina ya Wayahudi waliofichwa. Akakataa. Wakulima wale walikuwa na serikali ile ile na hofu ile ile, nao waliwaficha maelfu ya watu. Februari 1943 mchungaji alikamatwa pamoja na mchungaji mwenzake na mwalimu mkuu wa shule, wakawekwa kambini kama mwezi mmoja. Juni alikamatwa mwalimu Daniel Trocmé pamoja na wanafunzi wake; akafa katika kambi ya Majdanek mwaka 1944. Mwalimu, ndugu zetu, si jemadari.

Hapa mtu atauliza: je, aliyefungwa minyororo naye mwamwambia kwamba yu huru? Swali hilo ni la haki, maana sisi nasi hatuwapendi wahubiri wamwambiao mwenye njaa ya kwamba roho yake i huru, kisha wakaenda zao kula. Simone de Beauvoir, katika kitabu chake cha mwaka 1947, aliliona jambo hilo. Alieleza ya kwamba wako watu waliofungiwa katika ujinga hata wasijue kwamba waonewa, na ya kwamba mtu hautaki uhuru wake kweli asipoutaka na wa wenziwe. Basi aulizwaye kwanza ni mwenye nafasi.

Nafasi yetu twaijua. Mjane mmoja wa kwetu alipopokonywa shamba la marehemu mumewe, wazee walisema ndiyo desturi. Tulikuwapo. Tena sisi ndio tulioyaandika maneno ya baraza, kwa kuwa husemwa tuna mwandiko mzuri. Hakuna aliyetuelekezea bunduki. Tuliogopa kununiwa tu. Mama yule alirudi kwao na watoto watatu, na daftari lingaliko, na mwandiko ni wetu.

Baraza litakutana tena mwezi ujao, nasi tumeitwa tukaandike. Hatutashika kalamu mpaka shauri la mjane lisikilizwe upya, naye awepo. Wazee wa kanisa mlionyamaza pamoja nasi siku ile, je, mtakuja kuketi upande wetu?