Mvinyo Mwekundu na Maharage ya Kasulu

Anguiano ni kijiji cha La Rioja, kaskazini mwa Hispania, kinachosifika kwa maharage mekundu yaitwayo caparrones. Huchemshwa taratibu pamoja na chorizo, soseji ya nguruwe iliyokolea paprika, hadi mchuzi uwe mzito. Pembeni huwekwa glasi ya mvinyo mwekundu wa huko huko.

Mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma, akiikuta meza hiyo hawezi kujiona mgeni. Maharage ya kwao na ya Anguiano yana asili moja: yalitoka Amerika, yakaletwa Ulaya na Wahispania, na Afrika Mashariki na Wareno. Kinachokosekana mezani Kasulu ni glasi tu. Kwa wengi mvinyo ni kinywaji cha harusi, kipaimara na Krismasi. Huchaguliwa ule mtamu, hutolewa kabatini ukiwa vuguvugu, na hunywewa wakati sahani zimeshaondolewa. Mvinyo mwekundu mkavu unastahili nafasi bora kuliko hiyo, na nafasi yake ni pale chakula kinapopakuliwa.

Mvinyo mwekundu wa Rioja kwa kawaida hutokana na mchanganyiko wa zabibu za aina kadhaa. Tempranillo ndiyo mhimili. Garnacha huongeza ujazo na joto la pombe, na Graciano huleta uchachu na harufu. Mvinyo wa chupa iliyoandikwa Crianza umetunzwa miaka miwili au zaidi kabla ya kuuzwa, na kwa angalau mwaka mmoja kati ya hiyo umekuwa ndani ya pipa la mwaloni. Harufu ya vanila inayosikika kwenye glasi hutoka katika mbao hizo.

Kuuonja si kazi ngumu. Mtu anywe funda moja kabla ya kula: ulimi utakauka na fizi zitakaza, kama aliyeng'ata ndizi mbichi. Huo ni ukakasi wa tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Kisha ale kijiko cha maharage yaliyoungwa kwa mawese na kutiwa chumvi ya kutosha, halafu anywe tena. Tanini hushikana na protini, mafuta na chumvi hulainisha ukakasi, na uchachu wa mvinyo husafisha mawese mdomoni. Funda la pili huwa laini kuliko la kwanza, ingawa chupa ni ile ile. Kitimoto na mbuzi wa kuchoma navyo hufanya hivyo.

Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo yanayoamsha shombo samaki anapoliwa na mvinyo mwekundu. Dagaa wapewe mvinyo mweupe. Pilipili nayo ipunguzwe, maana pombe huzidisha muwasho wake.

Chupa ya Hispania ni ghali na ni adimu Kasulu, lakini Dodoma ipo. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu huko katika miaka ya 1950, na leo zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu yake nyekundu inayojulikana zaidi huitwa Makutupora, jina la eneo lenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inapita Dodoma hiyo hiyo, hivyo njia ya kuufikisha mvinyo huo mkoani ipo.

Kwa hiyo wenye migahawa ya Kasulu na Kibondo wangeanza na jambo dogo: wanunue mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, wauuze kwa glasi badala ya chupa nzima, na wauweke kwenye ndoo ya maji ya baridi kwa dakika 20 kabla ya kuumimina. Mteja mtu mzima akiagiza ugali wa muhogo na maharage ya mawese, aulizwe kama angependa na glasi moja.