Tahadhari: Msitoe Toleo Jipya kwa Mwongozo wa Zamani

Mnaojiandaa kutoa toleo jipya la programu huria ya kompyuta wiki hii, subirini kidogo. Msimbo mmeujaribu, sawa. Ukurasa wa usakinishaji je, nani aliusoma mara ya mwisho? Toleo likitangazwa tu, wageni watamiminika, na mgeni hana pa kushika ila maandishi yenu. Ataunakili mstari kama ulivyo, makosa na yote.

Anzeni na viungo vya kupakua. Mradi wa GIMP, programu ya kuhariri picha, uliihama SourceForge, tovuti ya kugawia programu huria, mwaka 2013. Mei 2015 ikabainika kwamba faili la kusakinisha GIMP kwenye Windows lilikuwa likigawiwa hukohuko SourceForge, safari hii likiwa limefungashwa na programu za matangazo. Kila mwongozo ambao haukuwa umeondolewa kiungo cha huko ulikuwa ukimpeleka msomaji mtegoni. Kiungo kilichokufa kina nafuu, maana mtu hurudi kuuliza. Ogopeni kilicho hai ila kimeshikwa na mwingine.

Halafu amri. Miongozo kibao bado inasema `sudo pip install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya Python. Kwenye mfumo endeshi wa Debian 12, uliotoka 2023, amri hiyo hukataliwa, na ujumbe wa kukataa wenyewe unataja `--break-system-packages`. Mtumiaji aliyechoka ataliongeza neno hilo, abonyeze Enter, na vifurushi ambavyo mfumo wake unavitegemea huenda vikavurugika. Lawama itawafikia nyinyi, na kwa haki.

Leo hii mpeni mtu ambaye hajawahi kuugusa msimbo wenu kompyuta isiyo na kitu, afuate mwongozo bila kuuliza. Akikwama, msimsaidie, andikeni upya pale. Tafuteni namba ya toleo la zamani kwenye kurasa zote, hasa za tafsiri, ambazo aghalabu hazina mwenyewe. Picha za skrini zilizopitwa na wakati zinaudhi tu, ziacheni. Alama za uhakiki wa faili zisikosekane: Februari 2016 wavamizi walivigeuza viungo vya kupakua mfumo endeshi wa Linux Mint vielekeze kwenye faili lenye njia ya siri ya kuingilia kompyuta, na kulinganisha alama hizo na za asili kulitosha kulifichua.

Kama hakuna wa kuurekebisha ukurasa kabla ya tangazo, uondoeni.