Lenzi ya kuvuta: namba kubwa isikupumbaze

Mwaka 1995 kampuni ya Canon ilitoa lenzi ya kuvuta ya milimita 75 hadi 300 iliyokuwa ya kwanza, kwa kamera za SLR za watu wa kawaida, kuwa na kidhibiti mtikisiko ndani yake. Miaka 30 baadaye, mwaka 2025, Canon hiyohiyo imeleta lenzi ya bei nafuu yenye milimita zilezile 75 hadi 300 kwa ajili ya kamera zake za kisasa zisizo na kioo, na safari hii kidhibiti hakimo. Teknolojia ipo na imezoeleka; kilichopunguzwa ni gharama, na namba 300 ikabaki palepale mbele ya macho ya mnunuzi. Hapo ndipo wapiga picha wengi wa ridhaa wanapopotea. Wanaingia dukani, iwe Kariakoo au Luthuli, wakiuliza lenzi inafika milimita ngapi, na muuzaji anawajibu hilohilo waliloliuliza. Hoja yangu ni kwamba mwenye bajeti ndogo aanze na swali jingine: lenzi hii nikiivuta hadi mwisho, nimeishika mkononi tu, itanipa picha iliyotulia?

Lenzi ndefu inakuza kila kitu, ukiwamo mtetemo wa mkono wa aliyeishika. Ndiyo maana wapiga picha wana kanuni ya zamani: urefu wa lenzi ukiwa milimita 250, kasi ya shata isiwe chini ya 1/250 ya sekunde. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo inayobana eneo linaloonekana kwa mara 1.5 au 1.6, kwa hiyo kwenye Canon za aina hiyo milimita 250 hufanya kazi kama 400, na kasi inayotakiwa inapanda hadi 1/400. Saa saba mchana hilo si tatizo. Tatizo linakuja jioni jua linapozama, kwa sababu lenzi za bei hii zikivutwa mwisho tundu lake huishia f/5.6 au f/6.3, na mwanga unaoingia ni mchache. Lenzi ya Canon ya 55-250 IS STM, iliyotoka mwaka 2013, inatajwa na watengenezaji wake kuwa inaokoa hatua 3.5 za kasi ya shata. Tuzikate kwa tahadhari ziwe 3, kila moja ikiipunguza kasi inayotakiwa kwa nusu: pale ulipohitaji 1/400 sasa unapiga kwa 1/50, na ISO iliyokuwa ipande hadi 3200 inabaki 400. Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha safi na picha iliyojaa chengachenga.

Atakayesema kwamba milimita 50 za ziada si haba, na tupige naye hesabu. Kutoka 250 hadi 300 kitu unachokipiga kinaongezeka ukubwa kwa asilimia 20 tu. Ukiwa na kamera ya megapikseli 24, ukaikata pembeni picha ya 250 mpaka ilingane na ya 300, unabaki na karibu megapikseli 17, ilhali kuchapisha ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji chini ya 9. Umbali uliopungua unaweza kuufidia mezani kwa mkato huo, lakini picha iliyotikisika ndiyo imeshaharibika. Hata Serengeti, ambako gari haliruhusiwi kuacha barabara kumfuata mnyama na kila milimita ina thamani, mchana joto la ardhi huitetemesha hewa kiasi kwamba simba aliye mbali hutoka kama mtu anayetazamwa kupitia maji, lenzi iwe ya bei gani. Dawa yake ni kupiga alfajiri au jioni, na hizo ndizo saa ambazo kidhibiti kinalipa gharama yake.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi: kidhibiti kinatuliza mkono, hakimtulizi mchezaji anayekimbia. Ni kweli kabisa. Winga akiwa mbioni utahitaji 1/500 au zaidi, na hapo hakuna ujanja ila mwanga wa kutosha au ISO kubwa. Hata hivyo, kwenye kamera za SLR kidhibiti kilicho ndani ya lenzi hutuliza pia kile unachokiona kwenye dirisha la kutazamia, na kumweka mchezaji katikati ya fremu kunakuwa rahisi zaidi. Isitoshe, mpiga picha wa ridhaa hapigi wakimbiaji siku zote. Anapiga mwanafunzi anayepokea cheti, ndege aliyetua, mashua iliyotia nanga, mzungumzaji jukwaani. Hao wametulia, mkono ndio usiotulia. Wanaosema stendi ya miguu mitatu inatosha wajaribu kuisimamisha katikati ya ndugu wa bwana harusi au ndani ya gari la watalii.

Wengine watasema ni bora kudunduliza hadi upate lenzi ya 70-200 yenye tundu la f/2.8. Lenzi hiyo ni chombo cha kazi kweli, na huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Lakini Canon ya aina hiyo, toleo la pili lenye kidhibiti, ina karibu kilo moja na nusu, wakati 55-250 STM ina gramu 375, na hata bei zake hazikaribiani. Anayeishi kwa picha za harusi atairudisha fedha yake. Anayepiga kwa kupenda ataibeba wiki ya kwanza, kisha ataanza kuiacha nyumbani. Na anayeona simu inatosha akumbuke kwamba Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020 iliandikwa 100X mgongoni, huku lenzi yake yenyewe ikivuta kiasi cha mara 4 tu. Zilizobaki zilitokana na programu. Namba kubwa inatuvuta huko nako.

Baada ya kidhibiti, tazama mota ya fokasi. Kamera za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi ya zamani ya 70-300 f/4-5.6G, ambayo nayo haina mota na inapatikana kwa bei ya chini, itakulazimu kufokasi kwa mkono kila picha. Mwaka 2016 Nikon ilitoa lenzi mbili za AF-P DX 70-300 zinazofanana: moja ina kidhibiti, nyingine haina, na hakuna swichi ubavuni ya kukuonyesha ipi ni ipi. Kinachozitofautisha ni herufi VR kwenye jina. Tena lenzi hizo hazifokasi kwenye kamera za zamani kama D90 na D3000. Herufi ni ndogo, ila zisome: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony, VC kwa Tamron, OS kwa Sigma. Kwa lenzi za mitumba, hasa zilizokaa Mombasa, Tanga au Unguja kwenye unyevu wa bahari, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kwenye kioo, hizo ni fangasi, na punguzo la bei lisikushawishi.

Mwisho, jaribio la kukata shauri linafanyika dukani kwa dakika chache. Nenda na kamera yako, funga lenzi, ivute hadi mwisho, weka shata kwenye 1/60, upige bango lililo ng'ambo ya barabara. Zima kidhibiti, kwa swichi au kwenye menyu ya kamera, urudie. Kisha kuza picha zote mbili kwenye skrini na usome maandishi ya bango. Muuzaji akikataa jaribio hilo, kuna duka la jirani. Akikubali, lipia lenzi ambayo picha yake inasomeka, hata kama inaishia 250.